Kupima mfumo wa franshizi kabla ya kuununua: mwongozo kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Chapa hii inauza sana Johannesburg, hapa itashindwaje?" "Wanataka dola elfu ishirini za kuingia, ni nyingi?" "Wameniambia pesa itarudi kwa mwaka mmoja na nusu, niamini?" Hakuna hata moja linalojibika kwa kutazama jina lililo juu ya mlango. Ukichukua franshizi unanunua mfumo mzima: namna ya kupata mali, kuitengeneza, kufundisha watu, kushika pesa na kusimamiwa kutoka mbali. Mfumo huo ulijengwa mahali penye umeme wake, barabara zake na mishahara yake. Kabla ya kusaini, kila kipande chake kipitishe kwenye hali ya Lubumbashi, halafu kwenye hali yako wewe, uone kinachobaki kimesimama.

Mfano tutakaotumia ni duka la kuku wa kukaanga, kwa sababu linagusa kila tatizo kwa pamoja: baridi, moto, umeme, mpaka na chenji. Ukifikiria dobi, famasi, mkate au shule ya kompyuta, hatua ni zile zile. Badilisha vifaa tu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wiki sita hadi nane. Mtu anayekwambia nafasi inaisha Ijumaa, mwache aimalize na mwingine.
- Pesa ya upimaji, tofauti na mtaji: avoka, mhasibu, safari moja au mbili. Asilimia 2 hadi 5 ya uwekezaji wote inatosha.
- Mhasibu anayefanya kazi na DGI (ofisi ya kodi ya serikali) kila mwezi na anayejua pia kodi za mkoa wa Haut-Katanga. Mhasibu wa mwenye chapa hajui kodi za hapa.
- Avoka aliyezoea sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo imo ndani yake tangu 2012.
- Multimeta ya kupimia volti, daftari, na simu yenye programu ya kuhesabia.
- Karatasi moja yenye hesabu ya kweli ya pesa yako: iliyo yako kabisa, ya mkopo, na ya ndugu. Ya ndugu iandike kama mkopo, kwa sababu wataidai.

Hatua ya 1: Dai hati, usidai maelezo ya mdomo

Kongo haina sheria mahususi ya franshizi inayomlazimisha mwenye chapa kukufungulia vitabu vyake. Kwa hiyo dai kile ambacho sheria ya nchi yake inamlazimisha kuwapa watu wa kwao. Mfaransa anatakiwa na sheria ya 31 Desemba 1989 kumpa mnunuzi hati ya maelezo angalau siku 20 kabla ya kusaini. Mmarekani anatakiwa kutoa hati yenye vipengele 23, siku 14 kabla. Wa Afrika Kusini naye anatoa hati siku 14 kabla, na mnunuzi wa huko ana siku 10 za kazi baada ya kusaini za kujitoa. Sheria hizo huenda zisikulinde wewe uliye Lubumbashi, ila hati yenyewe ipo tayari kwenye kabati lake. Akikataa kukuonyesha, hana sababu nzuri.

Omba kwa barua, si kwa WhatsApp peke yake:

- orodha ya maduka yote, yaliyo wazi na yaliyofungwa kwa miaka mitatu iliyopita, pamoja na simu za wenyewe;
- hesabu za kampuni za miaka mitatu, zilizokaguliwa;
- rasimu ya mkataba, si muhtasari wake;
- yaliyomo kwenye kitabu cha uendeshaji, na sura mbili utakazochagua wewe;
- orodha ya vifaa yenye namba za modeli.

Kwenye hesabu za kampuni tafuta jambo moja kwanza: pesa yao inatoka wapi? Ikiwa sehemu kubwa ni ada za kuingia na ndogo ni mrabaha (asilimia ya mauzo ambayo kila duka linamlipa mwenye chapa), kampuni hiyo inaishi kwa kuuza maduka mapya, na duka lako likifa haipotezi kitu. Ikiwa sehemu kubwa ni mrabaha, wanakula pale unapokula wewe.

Hatua ya 2: Vunja mfumo vipande

Chora safu tatu kwenye daftari: mfumo unataka nini, Lubumbashi inatoa nini, tofauti inagharimu kiasi gani kwa mwezi. Panga chini yake: umeme, maji, mali, vifungashio, vifaa na vipuri, wafanyakazi, lugha, mashine ya kaunta na chenji, intaneti, matangazo, usimamizi. Andika hata pale unapodhani hakuna tatizo. Intaneti ni mfano mzuri: mifumo mingi ya kaunta inasimama mtandao ukikatika, na foleni ya saa saba mchana haisubiri.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Hatua mbili zinazofuata zinachimba vipande vinavyoua maduka mengi zaidi hapa.

Hatua ya 3: Umeme na vifaa

Usisome katalogi, soma kibati cha chuma kilicho nyuma ya mashine. Kinaandika volti, hezi, kilowati na fezi. Sisi tuko kwenye volti 220, hezi 50. Vifaa vya Marekani ni hezi 60, na vingi vinataka volti 120 au 208. Transfoma hurekebisha volti lakini haigusi hezi, na mota ya friji iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikitumia 50 huenda polepole na kupata joto. Vifaa vya Afrika Kusini vinakubali umeme wetu, ila plagi ni nyingine. Hilo ni dogo.

Kubwa ni kilowati. Kikaangio cha presha cha umeme kinakula kilowati 10 hadi 14 na mara nyingi kinataka fezi tatu. Tuhesabu: kikaangio 12, kabati la kutunzia joto 3, friza na friji 2, taa na kiyoyozi 3. Jumla kilowati 20. Gawanya kwa 0.8 upate kVA 25 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta), ongeza nafasi ya mota kuwaka, unafika jenereta ya kVA 30. Hiyo inakula karibu lita 5.5 za mazuti kwa saa. Sasa weka kikaangio cha gesi badala ya cha umeme: unabaki na kilowati 8, jenereta ya kVA 12, na lita 2.5 hivi kwa saa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye chapa liwe hili: "Mnaruhusu vifaa vya gesi, na modeli gani?" Mwenye chapa anayekataa gesi hajawahi kufanya kazi kwenye mji wa delestaji, yaani wa umeme unaokatwa kwa zamu.

Fanya haya pale pale kwenye jengo unalolitaka:

1. Uliza majirani watatu umeme wa SNEL unakatika saa ngapi kwa siku, na hasa mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba.
2. Pima volti saa moja jioni, siku saba mfululizo. Ikishuka chini ya 190 mara kwa mara, weka bei ya stabilaiza kwenye safu ya tatu.
3. Uliza kama jengo lina fezi tatu na nani atalipa kuzivuta.
4. Fungua bomba asubuhi na jioni. Maji ya REGIDESO yasipofika, andika tanki la lita 2,000 na pampu.

Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Lakini friza ya dukani hufunguliwa kila dakika chache, kwa hiyo usitegemee namba hizo saa za kazi. Uliza kitabu cha uendeshaji kinasema nini kuhusu nyama iliyokaa juu ya digrii 4 zaidi ya saa mbili. Jibu sahihi ni kutupa. Basi hesabu gharama ya kutupa.

Hatua ya 4: Mali na mpaka

Mkataba mara nyingi unakulazimisha kununua unga wa viungo, sosi, vikombe na maboksi kwa msambazaji aliyeidhinishwa. Kwa Lubumbashi, hiyo ina maana ya lori linalopita Kasumbalesa. Chukua kila kitu cha lazima, kiandike na bei ya kiwandani, usafiri, ushuru wa DGDA, ukaguzi wa OCC, dekleranti (wakala wa forodha), na siku za kusubiri. Usikubali jibu la "ongeza asilimia 15". Omba faktura ya mzigo mmoja uliokwisha kupita.

Halafu uliza mpaka ukifungwa itakuwaje. Hilo limekwisha kutokea: Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia kuingiza bia na vinywaji baridi na madereva kuandamana, Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku chache. Aliyekuwa na akiba ya wiki moja ya maboksi aliendelea kuuza. Aliyekuwa na franshizi ya vinywaji vya kuagiza alikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwa sababu zuio lenyewe lilibaki hata baada ya mpaka kufunguliwa. Jifunze mambo mawili hapo. Weka akiba ya wiki nne hadi sita ya vile visivyooza na vya lazima, na pesa ya akiba hiyo iingie kwenye mtaji. Pili, dai kifungu kinachokuruhusu kununua mbadala hapa mjini msambazaji akishindwa kuleta kwa siku fulani, tuseme kumi.

Mafuta, viazi, unga na hata kuku vinaweza kutoka hapa. Peleka sampuli kwa mwenye chapa vipimwe kabla ya kusaini, na majibu yaje kwa maandishi. Baada ya kusaini, kila idhini inakuwa hisani yake.

Hatua ya 5: Ongea na waliokwisha kununua

Hapa ndipo ukweli ulipo, na hapa ndipo wengi wanafanya uvivu. Kama chapa ina maduka chini ya ishirini, piga simu zote. Kama ni mengi, kumi yatosha, lakini uchague wewe, na watatu wawe waliofunga au waliouza. Orodha ya "mabalozi wetu" uliyotumiwa na ofisi, iweke kando.

Watafute kwanza wanaoishi hali kama yako. Mtu wa Kitwe au Ndola, kule Zambia, yuko kwenye eneo la migodi kama sisi, mali yake inatoka kusini kwa barabara ile ile, na mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, alikatiwa umeme saa nyingi kila siku. Kama duka lake lilipita mwaka ule, anajua mambo ambayo mwenye chapa hayajui. Panda gari uende umwone. Kolwezi vilevile, kama wapo.

Anza kwa adabu na usiulize faida moja kwa moja. Hivi hufanya kazi:

- "Papa, samahani kukusumbua. Nataka kuchukua chapa hii Lubumbashi. Ulipofungua, pesa yote iliyotoka ilikuwa kiasi gani ukilinganisha na ile waliyokuandikia?"
- "Ilichukua miezi mingapi duka lijilipe bila wewe kuongeza pesa ya mfukoni?"
- "Mara ya mwisho mtu wa makao makuu kuja dukani ilikuwa lini? Alisaidia nini?"
- "Mashine ikiharibika, kipuri kinafika baada ya siku ngapi?"
- "Mama, kama ungeanza tena leo, ungechukua chapa hii au ungefungua duka lako?"

Swali la mwisho linyamazie. Usilijaze maneno, mwache ajibu. Walioondoka waulize kama walizuiwa kufungua biashara ya aina ile ile, na kwa muda gani.

Ukikuta majibu ya watu yanafanana neno kwa neno, jua wamepangwa. Ukikuta kila mtu analalamika kuhusu mrabaha lakini anafungua duka la pili, hayo ni malalamiko ya kawaida. Angalia wanachofanya na pesa zao.

Hatua ya 6: Fanya hesabu kwa namba za hapa

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Gharama za kila mwezi zisizobadilika: kodi ya nyumba dola 1,200, mishahara ya watu wanane 1,760, umeme na maji 250, mlinzi 200, intaneti, simu na mhasibu 150, leseni na kodi ndogondogo 240, marejesho ya mkopo 700. Jumla 4,500.

Kwenye kila dola 100 za mauzo, katalogi ya mwenye chapa inasema malighafi na vifungashio ni 32. Kwa bei za hapa, na gesi ndani, ni 40. Ongeza mrabaha 6, mfuko wa matangazo 3, makato ya pesa ya simu na vitu vilivyoharibika 3. Hesabu ya katalogi inabakiza 56, ya hapa inabakiza 48.

- Kwa katalogi: 4,500 ÷ 0.56 = dola 8,036 kwa mwezi. Kwa siku 26 ni 309 kila siku. Mteja akilipa dola 6, unahitaji wateja 52.
- Kwa hapa, jenereta ndogo saa nne kwa siku: lita 2.5 × 4 × 26 = lita 260; ukiweka lita dola 1.5 ni 390, na 60 za oili na filta. Gharama inakuwa 4,950 ÷ 0.48 = 10,312. Kwa siku 397. Wateja 66.
- Kwa kikaangio cha umeme na jenereta kubwa: lita 572, yaani 858 na 60. Gharama 5,418 ÷ 0.48 = 11,288. Kwa siku 434. Wateja 72 hadi 73.

Wateja 52 na wateja 73 si duka moja. Na hapo bado hujapata hata franki ya kwako; umerudisha gharama tu. Mshahara wako uongeze kwenye gharama kabla ya kusema biashara inafaa.

Mitego ya hesabu:

*Mrabaha unakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida.* Kwenye mstari wa pili hapo juu, duka lisilo na faida hata kidogo bado linatuma dola 928 kwa mwezi za mrabaha na matangazo.

*TVA.* Kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Mkataba ukisema mrabaha ni asilimia 6 ya "mapato yote" bila kutoa TVA, unalipa 6.96 kwenye kila 100 zilizo zako. Andikisha "mauzo bila TVA".

*Kodi ya kukatwa kwenye pesa inayotumwa nje.* Mrabaha unaoenda kwa asiyekaa nchini hukatwa kodi hapa. Mkataba ukiandika kwamba mwenye chapa apokee "kamili, bila makato", kodi hiyo imekuangukia wewe. Mhasibu akupe kiwango cha mwaka huu na akuongezee kwenye ile 6.

*Franki na dola.* Unauza kwa franki na dola, unadaiwa dola. Mkataba utaje kiwango cha kubadilisha ni cha siku gani: siku ya mauzo au siku ya malipo. Chagua kisha upange bei zako kwa hilo. Pia jenereta, kodi ya nyumba na mkopo viko kwa dola. Usikae na franki za wiki tatu kwenye sanduku.

Mtaji wa kuzungusha: hati ya Marekani inataka fedha za ziada zihesabiwe kwa angalau miezi mitatu ya mwanzo. Kwa Lubumbashi weka miezi sita ya gharama zisizobadilika. Kwa mfano wetu ni 29,700. Kama huna, usifungue kwa kutumaini mwezi wa pili.

Hatua ya 7: Hesabu watu barabarani

Wateja 66 wanatoka wapi? Simama mbele ya jengo siku tatu: katikati ya mwezi, siku mbili baada ya mishahara ya migodi, na Jumamosi. Saa moja hadi tatu asubuhi, saa sita hadi nane mchana, saa kumi na moja hadi moja jioni. Hesabu wanaopita, kisha hesabu wanaoingia duka la chakula lililo karibu na bei inayokaribia yako. Watu wengi wa soko la Kenya, komini ya hapa mjini, hawamaanishi wateja wa dola 6. Mama anayeuza pale anakula kwa bei nyingine. Mahali penye watu wachache wenye mshahara panaweza kushinda.

Angalia pia kama jikoni litaweza. Kama asilimia 40 ya wateja wanakuja kwa saa mbili za mchana, ni watu 26, yaani mmoja kila dakika nne na nusu. Mkaango mmoja unachukua dakika 12 hadi 15. Uliza vipande vingapi vinatoka kwa mkaango mmoja, ufanye hesabu.

Hatua ya 8: Fanya kazi dukani kabla ya kununua

Omba siku tano kwenye duka la mwenzako, bila malipo, kwa kuvaa aproni. Siku mbili jikoni, mbili kaunta, moja ya kufunga na kuhesabu. Tazama kama kitabu kinatumika au kiko kwenye rafu. Chagua utaratibu mmoja, kwa mfano kuchuja na kubadilisha mafuta, uutafsiri kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, halafu mpe kijana asiyewahi kuufanya. Akiufanya sawa mara ya pili, mfumo unafundishika kwa watu wako. Akihitaji wewe umsimamie mara ya tano, utaishi jikoni.

Kwenye kaunta angalia pesa. Je, programu inapokea sarafu mbili kwenye risiti moja? Inabadilishwa kiwango kila asubuhi na nani? Pesa ya simu, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, inaingia kwenye ripoti au inaandikwa pembeni? Kitabu kilichoandikwa Ulaya hakisemi chochote kuhusu noti ya dola iliyochanika kidogo ukingoni, ambayo mjini hapa hakuna atakayeipokea. Keshia akiipokea ni hasara yako. Kanuni kama hizo utaziandika mwenyewe. Hakikisha mkataba unaruhusu nyongeza za hapa kwenye kitabu.

Hatua ya 9: Mkataba na jina

Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, inayotumika hadi leo, inafanya makubaliano yaliyofungwa kihalali kuwa sheria kwa waliosaini. Ahadi ya mdomo iliyotolewa mezani usiitegemee. Avoka aangalie hasa:

- Jina limeandikishwa Kongo? Kongo si mwanachama wa OAPI, shirika la Afrika linaloandikisha majina ya biashara na hakimiliki za aina hiyo. Cheti cha OAPI kinalinda jina kwa nchi wanachama, si Lubumbashi. Dai cheti cha hapa, chini ya sheria ya 7 Januari 1982. Bila hicho, mtu wa Likasi anaweza kuandikisha jina hilo kabla yenu.
- Eneo. "Lubumbashi" peke yake haitoshi. Taja komini, na useme kama mwenye chapa anaweza kuuza kwa mtandao au kupitia supamaketi ndani ya eneo lako.
- Muda. Mkataba wa miaka kumi na nyumba ya miaka mitatu haviendi pamoja. Chini ya OHADA, mpangaji wa biashara aliyefanya kazi kwa mujibu wa mkataba kwa miaka miwili ana haki ya kuomba upya, lakini kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho lazima aombe angalau miezi mitatu kabla haujaisha. Ukichelewa, haki imekwenda, na mrabaha wa miaka saba iliyobaki unaweza kudaiwa.
- Kesi itasikilizwa wapi. Mahakama ya Paris ina maana hutashtaki kamwe. Tafuta mahakama ya biashara ya hapa au usuluhishi mahali unapoweza kufika.
- Kutoka. Ni nani ananunua vifaa na akiba ya mali? Umefungwa miaka mingapi usifanye biashara ya aina hiyo?

Hatua ya 10: Jipime wewe

Franshizi inamfaa mtu anayeweza kufuata utaratibu wa mwingine kila siku bila kuuboresha. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha menyu kila mwezi, fungua duka lako. Utaokoa asilimia 9. Kama una kazi nyingine na unataka meneja aendeshe, uliza maduka mangapi ya chapa hiyo yanaendeshwa na meneja na yanafanyaje. Na uongee na walio nyumbani mapema: ndugu wanaokula bure dukani wanaingia kwenye ile asilimia 3 ya hasara, kisha wanaipita.

Makosa yanayorudiwa

Kulipa "pesa ya kushika nafasi" kabla ya kuona rasimu ya mkataba. Kama lazima ulipe, iwe kwa benki, na karatasi iseme inarudishwa ndani ya siku ngapi.

Kusaini nyumba kabla ya mwenye chapa kuikubali kwa maandishi. Garanti uliyomlipa mwenye nyumba haitarudi.

Kulinganisha na duka la Kinshasa au la Sandton, mtaa wa matajiri wa Johannesburg. Linganisha na Kitwe.

Kuhesabu mwezi wa ufunguzi kama mwezi wa kawaida. Watu wanakuja kuonja. Angalia mwezi wa nne.

Ukikwama

*Mwenye chapa hataki kutoa orodha ya waliofunga.* Tafuta matangazo yake ya miaka mitatu iliyopita yenye anwani za maduka, upige simu kila anwani. Zisizojibu ndizo orodha yako.

*Hesabu inatoka vizuri kwa umeme wa saa 24 tu.* Rudia na saa nane za jenereta kwa siku. Ikivunjika, omba mrabaha upunguzwe kwa miaka miwili ya kwanza au vifaa vya gesi. Wakikataa vyote viwili, acha.

*Waliokwisha kununua wanakataa kuongea.* Wengine wamefungwa na kifungu cha siri. Uliza tu: "Mkataba wako unakuzuia kuongea nami?" Jibu la ndiyo kutoka kwa wengi lina uzito wake, mpelekee avoka.

*Mali ya lazima inapandisha malighafi juu ya 45 kwa kila 100.* Tenganisha kilicho siri ya ladha na kisicho siri. Unga wa viungo ubaki wao. Maboksi, mafuta na sosi ya kawaida viombewe idhini ya kununua hapa. Rudia hesabu kwa bei hizo.

*Eneo lako limekwisha kuahidiwa mtu mwingine kwa maneno.* Dai barua ya mwenye chapa inayosema hakuna ahadi nyingine, yenye tarehe na saini. Isipokuja ndani ya wiki mbili, usiweke pesa.

*Hesabu ni nzuri, ila mtaji wako unafika miezi mitatu tu.* Tafuta mshirika mwenye pesa halisi, si mwenye ahadi, na mwandikishe kama mbia kwenye kampuni pale Guichet Unique (ofisi ya kuandikisha kampuni) kabla ya kusaini mkataba wa franshizi. Ukimwongeza baadaye, mikataba mingi inataka idhini ya mwenye chapa, na baadhi hutoza ada ya uhamisho.